Muuguzi wa Miezi Mitatu Anapobisha Hodi

Ndugu msomaji, methali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" hutamkwa kila siku katika nyumba zetu, lakini ni nadra kuisikia kwa mwenye nyumba anayehesabu kodi. Mgeni wa kulala siku mbili tunampa kitanda bure. Mpangaji wa mwaka mzima tunamkabidhi ufunguo kwa furaha, maana ametuletea fedha ya mkupuo. Lakini yuko mtu wa tatu, asiye mgeni wala mpangaji wa kudumu, ambaye akibisha hodi hatujui tumweke fungu gani. Huyo ni muuguzi aliyekuja mjini kwa kazi au mafunzo ya miezi mitatu, minne au sita, kisha aende zake. Jumapili hii tuzungumze juu yake na juu ya chumba anachokitafuta.

Mfano wetu tuuchukue Mbeya, katika mtaa wa Soweto, mtaa wa wafanyakazi na wafanyabiashara, wenye nyumba za matofali ya kuchoma na vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua. Mji wa Mbeya una Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ambayo hupokea wagonjwa kutoka mikoa saba ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Kitengo chake cha wazazi kiko Meta. Mji una pia Ndaki ya Sayansi za Afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR. Mahali penye shughuli za namna hiyo hapakosi watu wa kuja na kuondoka.

NI AKINA NANI HAO?

Wa kwanza ni wanafunzi wa uuguzi na ukunga, wanaotoka vyuoni kuja kujifunza kazi wodini kwa wiki au miezi kadhaa. Wa pili ni wauguzi tarajali, yaani waliohitimu shahada, ambao hutakiwa kufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kujitegemea. Wa tatu ni walioajiriwa kwa mikataba ya muda, mathalan katika kazi za utafiti wa tiba, ambao mkataba ukiisha hufunga mizigo. Wa nne ni wauguzi wa wilayani, kutoka Chunya, Kyela, Ileje au Mbozi, wanaopelekwa mjini kuongeza ujuzi. Na wa tano ni muuguzi aliyepangiwa kituo kipya, ambaye anahitaji pa kuweka kichwa huku akitafuta nyumba ya kukaa na watoto wake.

Iringa hali ni hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mjini, na kando ya mji iko Tosamaganga, hospitali ya siku nyingi yenye chuo cha uuguzi. Nyumba za watumishi na mabweni havimtoshi kila mtu, na asiyepata nafasi humo huishia mitaani kwetu akiuliza chumba.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani wako wauguzi wanaozunguka jimbo hata jimbo kwa mikataba ambayo aghalabu ni ya wiki 13, na wako wenye nyumba wanaowatayarishia vyumba vyenye kitanda, meza na vyombo. Wakati wa janga la UVIKO-19, kuanzia 2020, wauguzi hao walihitajika kwa wingi mno. Tangu 2022 mahitaji yakapungua sana. Funzo ni kwamba biashara hii ipo na ina faida yake, lakini hupanda na kushuka kama bei ya mahindi. Mwenye busara hafungi kila chumba chake kwa kumngoja mgeni wa aina moja.

KODI YA MIEZI SITA KWA MAKAZI YA MITATU

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Binti amefika na begi lake, ameongozwa na dalali, na anamwamkia mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Chumba ndicho hicho. Kodi ya hapa ni miezi sita, inalipwa kwa mkupuo."

"Mama, mimi nakaa miezi mitatu tu. Nimekuja mafunzo hapo Rufaa."

"Hayo ya kwako mwanangu. Utaratibu wa hapa ni miezi sita."

Mazungumzo haya tunayafahamu sote. Binti hana ndugu mjini, na keshokutwa asubuhi anatakiwa wodini. Anapiga simu nyumbani. Mzazi anauza alichokuwa nacho au anakopa, fedha inatumwa, na miezi sita inalipwa. Baada ya miezi mitatu binti anaondoka. Wiki inayofuata chumba kile kile kinapangishwa kwa mwingine, naye analipa miezi sita. Kwa miezi mitatu chumba kimoja kimelipiwa na watu wawili.

Tufanye hesabu. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 300,000. Dalali, kwa desturi, huchukua kodi ya mwezi mmoja, yaani shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 350,000. Kwa aliyelala humo miezi mitatu, kila mwezi umemgharimu zaidi ya shilingi 116,000, kwa chumba ambacho jirani yake hulipia 50,000. Tena huyo dalali, akimtafutia chumba mtu wa mwaka mmoja, hupata sehemu moja ya kumi na mbili ya kodi yote. Kwa huyu wa miezi mitatu, akilipa miezi yake tu, amechukua theluthi.

Ndugu msomaji, hapo tusitafute maneno laini. Kupokea fedha ya miezi ambayo unajua wazi kwamba mpangaji hatakuwapo, kisha kukipangisha tena chumba hicho hicho bila kumrudishia kitu, ni dhuluma, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo. Desturi haigeuzi dhuluma kuwa haki.

Yafaa hapa tukumbuke jina la mtaa wenyewe. Soweto ya asili iko Johannesburg, Afrika Kusini. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mpitaji tu mjini: alitakiwa kwa nguvu za mikono yake, lakini makazi yake yalikuwa ya kibali, na haki yake ya kukaa ilikuwa ya mashaka. Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana wakapigwa risasi, na jina hilo likajulikana duniani kote. Mwenye nyumba wa mtaani kwetu si kaburu, na tusimfananishe naye. Ila wazo la kwamba mtu wa kupita hana haki kamili, kwamba anaweza kukamuliwa kwa kuwa kesho hayupo, halistahili kukaa katika mtaa wenye jina hilo.

MWENYE NYUMBA NAYE ANA LAKE

Haki ina pande mbili, na upande wa mwenye nyumba hatuna budi kuusikiliza. Mama aliyejenga vyumba vinne kwa akiba ya miaka kumi anahitaji fedha ya mkupuo ili alipe ada, anunue bati au amalizie choo. Mpangaji wa muda mfupi humwachia chumba kitupu kati ya mtu na mtu. Kila anapoondoka mmoja, kuta zinahitaji chokaa na kitasa kinahitaji kutazamwa. Zaidi ya hayo, mpangaji wa miezi mitatu haji na kitanda mgongoni. Anataka chumba chenye vitu vya kuanzia maisha.

Kwa sababu hizo si kosa kumtoza huyu kodi ya juu kidogo kuliko wa mwaka. Lakini fanya hesabu kabla hujafurahi. Chumba cha shilingi 50,000 kikikaliwa mwaka mzima huleta shilingi 600,000. Ukikipangisha kwa vipindi vifupi kwa shilingi 60,000, utahitaji miezi kumi yenye mtu ili ufikie shilingi 600,000 hizo hizo. Sasa ongeza samani. Tuseme kitanda, godoro, meza, kiti na pazia vimekugharimu shilingi 300,000, na vitadumu miaka mitano. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani kodi ya mwezi mwingine mmoja. Basi unahitaji miezi kumi na mmoja yenye mtu ili usipungukiwe na kitu.

Hesabu hiyo yatufunza mambo mawili. La kwanza, upangishaji wa muda mfupi hautajirishi mtu kwa chumba ambacho tayari kina mpangaji mwema wa mwaka. Usimwondoe huyo kwa tamaa. La pili, unafaa sana kwa chumba kilichokaa kitupu muda mrefu kikimngoja mtu mwenye fedha ya miezi sita mkononi. Chumba kilichofungwa kufuli miezi minne kimekula shilingi 200,000 za mwenyewe, wala hakuna stakabadhi inayoonyesha hasara hiyo. Mwenye vyumba vinne na atenge kimoja, au viwili, kwa wageni wa muda. Vingine aviache kwa wapangaji wa kudumu.

Na yule mgeni atalipaje? Alipe miezi atakayokaa, basi. Wa miezi mitatu, kwa shilingi 60,000, atalipa shilingi 180,000. Akiweza kuzitoa zote siku ya kuingia, mama amepata mkupuo wake. Asipoweza, alipe mwezi kwa mwezi, mwanzoni mwa mwezi. Aweke pia amana kidogo ya kulinda vitu vya chumba, arudishiwe siku ya kuondoka kama vitu vyote vizima. Mlinganishe sasa na yule aliyetumia shilingi 350,000. Mwenye nyumba amepata zaidi ya kodi ya kawaida kwa kila mwezi wa kukaliwa, na binti amebakiwa na karibu nusu ya fedha ya mzazi wake. Muuguzi tarajali anayekaa mwaka mzima ni mpangaji wa kawaida: apewe kodi ya kawaida, na aruhusiwe kulipa kila baada ya miezi mitatu, maana posho ikichelewa hana shamba la kwenda kuvuna.

Dalali naye ana kazi yake, lakini ziko njia nyingine. Ofisi ya wauguzi hospitalini, chuo kinachowaleta wanafunzi, ofisi ya serikali ya mtaa, usharika, parokia na msikiti ni mahali ambapo mwenye chumba anaweza kuacha taarifa. Muuguzi mmoja akiondoka ameridhika, ndiye atakayemleta wa pili, na dalali wa namna hiyo hadai kitu.

SHERIA INASEMAJE?

Wazee wanakumbuka nyakati ambapo serikali ilishika usukani wa kodi za nyumba. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha ya thamani kubwa yalitaifishwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, nayo ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ya chumba cha mtu binafsi ni mapatano kati ya wawili. Ndiyo sababu mapatano hayo hayana budi kuwa ya kiungwana na ya maandishi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo, na inakubali ufanywe hata kwa mdomo. Hata hivyo mdomo husahau. Andikeni karatasi mbili zinazofanana, kila mmoja abaki na yake, mbele ya shahidi. Karatasi hiyo ionyeshe mambo haya:

Kwanza, majina ya pande zote mbili, namba ya kitambulisho cha mpangaji, na mahali anapofanyia kazi au mafunzo.

Pili, siku ya kuingia, siku ya kuondoka, kodi ya kila mwezi, na kiasi kilichokwisha kupokewa.

Tatu, amana na siku ya kuirudisha, pamoja na orodha ya vitu vilivyomo chumbani: kitanda kimoja, godoro, meza, funguo mbili, taa, pazia. Kila kitu kiandikwe kilivyo, kizima au chenye ufa.

Nne, taarifa ya kuondoka mapema. Muuguzi huweza kuhamishwa ghafla. Mkubaliane kwamba atatoa taarifa ya siku 30, na kodi ya miezi ambayo hatakaa, kama alikwisha kuilipa, itarudishwa.

Tano, maji na umeme. Penye mita moja na vyumba vitano ndipo ugomvi unapoanzia. Afadhali kila chumba kiwe na mita yake ndogo ya kuhesabia, au ukubaliwe mchango unaojulikana. Tukumbuke pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji akikatwa, apunguziwe katika pango.

Sita, stakabadhi. Kila shilingi iliyopokewa iandikiwe, hata kama imetumwa kwa simu. Mapato ya pango nayo hutozwa kodi ya serikali; mwenye nyumba aulize ofisi ya TRA iliyo karibu naye, asingoje kuulizwa yeye.

Mgogoro ukitokea, mwanzo ni mazungumzo, kisha serikali ya mtaa na Baraza la Kata kwa upatanishi. Ikishindikana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mpeleke pia mpangaji wako kwa mwenyekiti wa mtaa siku za mwanzo, ajulikane. Hilo humlinda yeye na humlinda mwenye nyumba.

USINGIZI WA MCHANA

Kupangisha muuguzi kunataka jambo moja ambalo wapangaji wengine hawalihitaji sana, nalo ni utulivu wa mchana. Aliyekesha wodini akipokea watoto wa wenzake hurudi asubuhi, wakati nyumba ndiyo kwanza inaamka. Watoto wanakimbizana uani, redio inapiga kelele, mtu anatwanga, mwingine anabisha mlango kuuliza kama kuna chumvi. Asipolala, usiku unaofuata atapima dawa kwa macho mazito, na huyo atakayepewa dawa hiyo aweza kuwa mtoto wako au wangu. Usingizi wa muuguzi ni sehemu ya tiba.

Basi mpe chumba cha nyuma, mbali na jiko na bomba la maji. Weka pazia zito. Waambie watoto kwa upole, "Dada amelala, alikuwa kazini usiku." Watoto huelewa wakielezwa. Na kama muuguzi ni mwanamume, maana nao wapo wengi, wasemeshwe vivyo hivyo: "Kaka amelala."

Jambo la lango pia lizungumzwe mapema. Nyumba nyingi hufunga lango saa nne usiku, na anayerudi kutoka zamu ya jioni au kuitwa kwa dharura aweza kukuta kufuli. Mpe ufunguo wake, na umpe masharti ya kulifunga nyuma yake. Tena si busara binti kutembea peke yake usiku kutoka hospitali. Msaidie kumpata dereva mmoja wa bajaji au bodaboda anayejulikana mtaani, ambaye mwenyekiti anamfahamu kwa jina.

JIKO LA MKAA CHUMBANI

Hapa nawaomba akina mama na akina baba wa Mbeya, Iringa na Njombe wanisikilize kwa makini. Ninyi mmeizoea baridi ya Juni, Julai na Agosti. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam, Tanga au Mtwara hajaizoea. Usiku wa kwanza atatetemeka, wa pili ataingiza jiko la mkaa chumbani, atafunga dirisha na kulala. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hulewesha, hulaza, na aliyelala usingizi huo huenda asiamke. Hata muuguzi aliyeyasoma haya darasani hushawishika mifupa inapouma kwa baridi.

Dawa yake ni rahisi. Mwenye nyumba aweke blanketi mbili nzito katika orodha ya vitu vya chumba, azibe nyufa za mlango zinazoingiza upepo, lakini tundu la hewa lililo juu ya dirisha aliache wazi. Na siku ya kukabidhi ufunguo aseme wazi: "Mwanangu, humu jiko la mkaa haliingii. Ukisikia baridi, niambie." Sentensi hiyo haina gharama yoyote, nayo inaokoa maisha.

MUUGUZI SI ZAHANATI YA UANI

Habari kwamba nyumba fulani ina muuguzi huenea haraka. Siku ya tatu jirani analeta mtoto mwenye homa. Siku ya nne mwingine analeta chupa ya dawa na bomba la sindano, anataka kuchomwa hapo hapo kibarazani. Mama mwenye nyumba naye anaona kwamba, kwa kuwa amempa chumba, kupimwa shinikizo la damu kila jioni ni sehemu ya kodi.

Ndugu zangu, tusimwingize mpangaji katika mtego. Uuguzi ni kazi ya leseni chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na sheria ya 2010 imeiwekea taratibu. Mwanafunzi hana ruhusa ya kutibu peke yake hata wodini, sembuse kibarazani. Akichoma sindano nyumbani na mgonjwa akazidiwa, atakayepoteza kazi ni yeye, na atakayepoteza ndugu ni wewe. Lililo halali ni ushauri mwema: "Mtoto huyu apelekwe zahanati sasa hivi, asingoje kesho." Na dharura ikitokea, mama mjamzito akashikwa na uchungu usiku, hakuna muuguzi atakayekataa kuamka na kumsindikiza mpaka Meta. Hapo ndipo methali yetu inapotimia, na mwenyeji akapona kweli.

Wako pia wanaomwogopa muuguzi, wakidhani ataleta maradhi nyumbani. Mwaka 2020, katika India, wako madaktari na wauguzi waliofukuzwa na wenye nyumba kwa hofu ya UVIKO-19, hata serikali ikaagiza kwamba wenye nyumba hao wachukuliwe hatua. Watu waliotegemewa kuokoa taifa walijikuta hawana pa kulala. Muuguzi amefundishwa kunawa, kuvua sare na kuifua kwa sabuni kuliko wengi wetu. Mpe kamba ya kuanikia juani na maji ya kutosha, na hofu hiyo itakosa msingi.

KWAKO WEWE MUUGUZI

Haki ina pande mbili, kama tulivyosema. Wewe uliyekuja kwa miezi mitatu, usikifanye chumba cha watu kuwa kambi. Sema kweli juu ya muda wako tangu siku ya kwanza. Usiahidi mwaka ili upunguziwe kodi, kisha ukatoroka alfajiri na kuacha deni la maji. Usiwaingize wenzako watatu katika chumba ulichopangishwa peke yako bila kumweleza mwenyewe. Takataka za kazini, kama sindano na pamba, zisivuke lango la hospitali. Mkiwa wawili au watatu mnaoaminiana, mwombeni mwenye nyumba chumba na sebule mchangie kodi. Wengi hukubali wakielezwa mapema.

Zaidi ya yote, usitoe fedha kwa chumba ambacho hujakiona na mwenyewe hujamwona. Muulize jirani chumba ni cha nani. Dai karatasi na stakabadhi kwa adabu, na mwenye nyumba mwema hatachukia. Ukiishi vizuri na mama mwenye nyumba, siku ya kuondoka utaondoka na mzazi wa pili.

Ndugu msomaji mwenye chumba kitupu, kitazame leo jioni. Hesabu miezi ambayo kimekaa na kufuli. Kisha uwaze kwamba mwanao naye anasoma uuguzi Songea au Sumbawanga, na mwakani atapelekwa mafunzoni katika mji asiomjua mtu. Kodi utakayopenda atozwe huko na mwenye nyumba asiyemfahamu, ndiyo umtoze huyu anayebisha hodi kwako. Miezi mitatu ilipwe mitatu.

Jumapili njema.